Wiski ya shira ya mepo, wiski ya asali: ni wiski kweli?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Burlington katika jimbo la Vermont, Marekani, na nafanya kazi mgahawani. Nimezawadiwa chupa mbili za wiski kutoka viwanda vidogo vya huku. Moja ina shira ya mti wa mepo, imeandikwa asilimia 45. Ya pili ina asali, asilimia 35, nayo imeanza kuweka ukungu ndani, yaani haing'ai tena. Mwenzangu wa kaunta anasema hizo si wiski, ni sharubati zenye kilevi kwa ajili ya wasiojua kunywa. Je, ni kweli? Hiyo yenye ukungu imeharibika? Na nikitia asali ya Tabora niliyoletewa na shemeji ndani ya wiski ya kawaida, nitapata kitu kile kile?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza tulia, chupa yenye ukungu haijaharibika. Sababu yake nitaieleza nikifika kwenye asali. Mwenzako wa kaunta naye hajakosea sana. Anachosema ni sheria ya Uskoti, ila anaisema akiwa Vermont.

Kwa sheria ya Marekani, wiski ni pombe iliyokenekwa kutokana na nafaka iliyochachushwa, ikatoka mtamboni chini ya asilimia 95 ya alkoholi, ikalazwa katika chombo cha mti wa mwaloni, na kutiwa chupani ikiwa na asilimia 40 au zaidi. Ni wiski ya mahindi tu inayoruhusiwa kukwepa mwaloni. Burboni, wiski maarufu ya Marekani, ina masharti zaidi: mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka, pipa liwe jipya na limeunguzwa ndani, na isitiwe rangi wala ladha yoyote. Ukiona neno "straight" kwenye lebo, maana yake imelala miaka 2 au zaidi na hakuna kilichoongezwa isipokuwa maji.

Mtengenezaji akitia shira au asali hajavunja sheria, amehamia daraja jingine. Huko kinywaji kinaitwa wiski yenye ladha, ladha yenyewe lazima itajwe kwenye jina, na kiwango cha chini cha alkoholi kinashuka hadi asilimia 30. Hapo ndipo asilimia 35 ya chupa yako ya asali ilipotoka, na ni kiwango cha kawaida kabisa kwa kundi hilo. Jack Daniel's Tennessee Honey, iliyoingia sokoni mwaka 2011, ina asilimia 35 hiyo hiyo. Kuna na daraja la likeri, yaani pombe kali tamu, ambalo linataka sukari isipungue asilimia 2.5 ya uzito wa kinywaji.

Ukivuka bahari, mambo yanakuwa makali. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu pombe kali inakataza wiski kutiwa utamu au ladha, hata kidogo tu cha kulainisha. Kinachoruhusiwa ni maji na rangi ya sukari iliyounguzwa. Uskoti ni hivyo hivyo. Ndiyo maana Drambuie, ambayo ni wiski ya Uskoti yenye asali na viungo, inauzwa kwa jina la likeri, ingawa ina asilimia 40. Kanada, jirani zako wa kaskazini, wamesimama katikati: wiski yao inaruhusiwa kuongezwa pombe nyingine iliyokomaa au divai hadi asilimia 9.09, na bado inaitwa wiski ya Kanada bila aibu yoyote.

Kwa hiyo jina linabadilika kulingana na mpaka uliovuka, na mimi nisingegombana na mtu kaunta kwa ajili yake. Ninachouliza nikishika chupa ya namna hii ni kitu kimoja: ukiondoa utamu, hiyo wiski iliyobaki chini yake ingeweza kusimama peke yake kwenye glasi? Utamu ni kifuniko kizuri mno. Unaficha ukali wa pombe changa, ile inayokwaruza koo na kunuka nafaka mbichi. Shira nyeusi inafanya na jambo la pili, inaipa pombe ya miezi kadhaa rangi ya pombe ya miaka mingi. Mnunuzi anainua chupa dukani, anaona kahawia iliyoiva, anadhani amenunua umri.

Kuna sababu ya kibiashara hapo, nayo si ya kulaumu. Mtu akifungua kiwanda kidogo leo, wiski yake nzuri itakuwa tayari baada ya miaka 4, 6, hata zaidi. Mkopo wa benki hausubiri pipa. Basi wanauza jini na vodka kwanza, kwa kuwa hizo hazihitaji kulala. Wengine wanatumia mapipa madogo ya lita 20 hadi 60 badala ya yale ya kawaida ya lita 200, ili mbao ziguse pombe zaidi. Pipa dogo linatoa rangi na ladha ya mti haraka, lakini haliwezi kuharakisha ile kazi ya hewa kupenya polepole na kulainisha pombe. Matokeo yake mara nyingi ni kinywaji chenye mbao nyingi na ujana mwingi kwa pamoja. Wengine wananunua wiski iliyokwisha kukomaa kutoka viwanda vikubwa vya Indiana au Kanada, wanaimalizia nyumbani kwao. WhistlePig, shamba maarufu la Shoreham katika jimbo lako hilo hilo, lilianza mwaka 2010 kwa kuuza rai, yaani wiski ya nafaka iitwayo rai, ya miaka 10 iliyokenekwa Kanada, kabla ya kuwa na mtambo wake. Ilikuwa rai nzuri sana. Kununua pombe ya mwingine si kosa. Kosa ni kuificha.

Serikali nayo imewasaidia wadogo. Tangu mwisho wa mwaka 2020 punguzo la kodi ya shirikisho limekuwa la kudumu: kwa galoni 100,000 za kwanza kwa mwaka, zikihesabiwa kwa ukali wa asilimia 50, wanalipa dola 2.70 kwa galoni badala ya dola 13.50. Bila punguzo hilo, sidhani kama ungezawadiwa chupa hizo.

Sasa tuje kwenye shira yenyewe, maana hapa ndipo Vermont ina neno la kusema. Mepo ni ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Wenyeji wa asili wa huko, Waabenaki miongoni mwao, walikuwa wakipika utomvu wake kabla Mzungu hajafika. Mwishoni mwa Februari hadi Aprili, usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, utomvu unatembea ndani ya shina na kutiririka ukitobolewa tundu. Ukiuonja unakuta ni kama maji, kwa sababu sukari yake ni karibu asilimia 2 tu. Unachemshwa hadi uzito wa shira kama ile unayomwagia kaimati, ila hapa hakuna aliyetia sukari. Sukari yote ni ya mti. Inahitajika takriban lita 40 za utomvu kupata lita 1 ya shira, na Vermont wanataka sukari isipungue asilimia 66.9. Jimbo hilo dogo ndilo linaloongoza Marekani nzima kwa zao hili, ingawa duniani mkubwa wao ni Quebec, wenye zaidi ya theluthi mbili ya shira yote na ghala la akiba ambalo wezi waliwahi kuiba humo karibu tani 3,000, kati ya mwaka 2011 na 2012. Tani elfu tatu za shira! Ukitaka kujua thamani ya kitu, tazama nani anakiiba.

Shira hii inaelewana na wiski kuliko kitu kingine chochote kitamu ninachokijua, na sababu iko ndani ya mti. Pipa la mwaloni likiunguzwa, ile sehemu ya mbao inayoshika nyuzi pamoja, yaani lignini, inavunjika na kutoa vanilini na jamaa zake, ambazo ndizo harufu ya vanila unayoisikia kwenye burboni. Shira ya mepo ina vanilini hiyo hiyo na jamaa zake hao hao, kwa kuwa nayo imetoka kwenye mti ikapikwa motoni. Zinapokutana kwenye glasi, pua haioni mpaka kati yao. Juu ya hapo shira ina sotoloni, kemikali ambayo wewe mtu wa Afrika Mashariki unaijua bila kujijua: ndiyo harufu ya uwatu. Kuanzia mwaka 2005 wakazi wa New York walikuwa wakinusa harufu ya shira ya mepo mitaani, inakuja na kupotea, watu wakapiga simu kwa wingi wakihofia sumu. Mwaka 2009 mji ukatangaza chanzo chake: kiwanda cha manukato ng'ambo ya mto, New Jersey, kilichokuwa kikishughulikia mbegu za uwatu.

Nakwambia hayo kwa sababu yana faida dukani. Ladha ya mepo inaweza kutengenezwa kwa uwatu au maabara bila tone moja la shira. Lebo ikisema "natural flavors" (ladha za asili) peke yake, haijakuahidi mepo. Ikisema imetengenezwa kwa shira ya Vermont na kutaja shamba, hiyo ni ahadi inayoweza kufuatiliwa, na Vermont ni mahali padogo, mwongo hujulikana upesi.

Njia za kuingiza mepo kwenye wiski ziko mbili. Ya kwanza ni kuichanganya shira moja kwa moja na wiski iliyokomaa, kisha kuiacha wiki kadhaa itulie. Saxtons River wa Brattleboro, kusini mwa jimbo lako, wanajulikana kwa vinywaji vya namna hii, burboni na rai zenye shira. Utamu unausikia wazi, na hawaufichi. Njia ya pili ndiyo ninayoipenda mimi. Kiwanda cha wiski kinampa mpika shira mapipa matupu yaliyolaza wiski. Mpika shira anaijaza humo shira yake na kuiacha miezi. Mbao zilikuwa zimefyonza lita kadhaa za wiski, sasa zinaitema polepole ndani ya shira. Shira hiyo inauzwa kwa bei ya juu kama shira ya pipa. Halafu mapipa yanarudi kiwandani yakiwa yamelowa shira, wiski inarudishwa humo, inamalizia miezi ya mwisho. Wiski inayotoka haina utamu wa kung'ang'ania midomo. Ina harufu ya mepo na kivuli tu cha sukari. Hudson ya New York, kutoka kiwanda cha Tuthilltown, walifanya hivyo na mpika shira wa Vermont kwa ajili ya rai yao ya asilimia 46. Mad River, wa Vermont, wamefanya kitu kama hicho kwa ramu.

Ukiniuliza maana ya neno "ya kienyeji" kwenye vinywaji hivi, nitakuonyesha lile pipa linalokwenda na kurudi kati ya majirani wawili, kila mmoja akipata bidhaa asingeipata peke yake. Picha ya mti kwenye lebo haitoshi.

Chupa yako ya asilimia 45 huenda ni ya pipa, huenda ni ya kuchanganya. Asilimia peke yake haitoshi kuamua: Knob Creek waliwahi kutoa burboni yenye ladha ya mepo na moshi, ya asilimia 45 pia, na ile ni ya ladha iliyotiwa. Kipimo rahisi ni hiki. Mimina kidogo kwenye kisahani na ukiache hadi kesho. Wiski ya pipa itaacha alama hafifu ambayo kidole hakigandi. Iliyochanganywa na shira itaacha utando unaonata.

Rai, nikisema yangu, inabeba mepo vizuri kuliko burboni. Burboni ni ya mahindi, tayari ina utamu wake, ukiiongezea shira unapata utamu juu ya utamu. Rai ina ukavu na ukali wa viungo, kama pilipili manga, na hapo shira inapata mtu wa kubishana naye. Ukikuta mtengenezaji anasema ametumia shira nyeusi ya mwisho wa msimu, msifu. Ile ya dhahabu ya mwanzo wa msimu ni tamu kwenye chapati za maji asubuhi lakini ndani ya pombe ya asilimia 45 haisikiki.

Asali ni shughuli nyingine kabisa. Watu wanadhani kwa kuwa zote ni tamu na zote ni za kahawia, zinafanya kazi moja. Harufu ya asali inatoka kwenye maua, ni nyepesi, inaruka. Ukiipasha moto sana inaondoka. Ukiiweka kando ya mwaloni ulioungua, inafunikwa. Asali ya kawaida ya kaskazini mashariki mwa Marekani, hasa ya mwanzo wa kiangazi kutoka kwenye maua ya klova, ni angavu na ya upole. Ndani ya burboni inabakiza utamu na ulaini wa ulimini, basi. Ndiyo sababu vinywaji vingi vya wiski na asali vinakaribiana ladha hata kama nyuki ni tofauti. Hili si jambo jipya pia: Wild Turkey walikuwa wakiuza likeri ya burboni na asali tangu mwaka 1976.

Kinywaji cha asali ninachokiheshimu kuliko vyote huko kwenu si wiski. Ni jini ya Barr Hill. Todd Hardie alikuwa mfuga nyuki miaka mingi kabla ya kuanzisha kiwanda hicho Hardwick, mwaka 2011. Siku hizi kiko Montpelier. Jini yao inatiwa asali mbichi mwishoni, baada ya kukenekwa, na kwa kuwa hakuna mwaloni wa kuifunika, unayasikia maua. Pia wanatengeneza vodka kwa asali iliyochachushwa na kukenekwa. Angalia tofauti: hiyo pombe imetoka kwenye asali, wala haijatiwa asali. Na hata ukiilaza kwenye mwaloni miaka 10 haiwi wiski, kwa sababu wiski lazima itoke kwenye nafaka. Wanzuki wetu ukikenekwa ungekuwa hivyo hivyo, pombe kali ya asali.

Nadhani akili yako imeshakimbilia huko, kwa hiyo nikuwahi. Usijaribu kukeneka chochote nyumbani. Sheria ya shirikisho ya Marekani inataka kibali, na bila kibali adhabu inafika kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Kuchachusha divai ya asali kwa matumizi ya nyumbani ni sawa. Kuchanganya asali na wiski uliyonunua na kulipiwa kodi, unywe na wageni wako, ni sawa; kuiuza si sawa. Mtambo ndio mpaka.

Turudi kwenye ukungu wako. Asali, hasa mbichi, inabeba chavua, chembe za nta na protini kidogo. Kwenye maji zinaelea bila kuonekana; kwenye alkoholi protini hazikai vizuri, zinajikunja na kushikana, na hapo ukungu unaonekana. Viwanda vikubwa vinaipoza pombe kwa baridi kali kisha vinachuja kwenye karatasi nene hadi ing'ae. Wadogo wengi hawachuji hivyo, ama kwa kukosa mashine, ama kwa sababu kuchuja huko kunaondoka na harufu pia. Kuna sababu nyingine inayowezekana: wiski yenyewe ina mafuta ya asili yanayoganda ikipata baridi, hasa ikiwa chini ya asilimia 46. Uliiweka wapi? Kama ilikuwa kando ya dirisha, Januari, Burlington, jibu ni hilo. Ilete ndani penye joto saa kadhaa. Ukungu ukitoweka, yalikuwa mafuta. Ukibaki na kuanza kutua chini kama vumbi jepesi, ni asali. Kwa vyovyote vile kunywa. Kwenye asilimia 35 hakuna mdudu anayeota. Shira nayo ina tabia hiyo, ila kwake ni madini, chumvi za kalsiamu, yanayotua chini kama mchanga laini.

Sasa asali ya Tabora. Hapa nina habari njema. Asali ya miombo, ile nyuki wanayoitoa kwenye maua ya mtundu, muba na myombo, mara nyingi ni nyeusi, nzito, ina ukali wake na uchungu kidogo wa mwishoni, na ikiwa imerinwa kwa moto wa kienyeji ina moshi. Dukani Dar watu wengine wanaikwepa kwa sababu ya moshi huo. Ndani ya wiski moshi si dosari. Asali nyeusi inasikika pale ambapo asali angavu ya klova inazama. Kwa hiyo hutapata kitu kile kile kilichomo kwenye chupa yako. Kuna uwezekano mkubwa upate kizuri zaidi.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuanza na wiski ya asilimia 40. Kila unachoongeza kinapunguza ukali. Chupa ya Marekani ni mililita 750. Kwa asilimia 40 ina mililita 300 za alkoholi. Ongeza mililita 60 za asali, unakuwa na mililita 810 na ukali wa asilimia 37. Ongeza nyingine na imeshakuwa maji ya sukari. Nunua badala yake burboni au rai ya asilimia 50, zile zilizoandikwa "bottled in bond", ambazo kwa sheria ya mwaka 1897 lazima ziwe na asilimia 50 kamili na umri usiopungua miaka 4. Hizo si ghali sana. Humo mililita 45 za asali zinakupa asilimia 47 na kidogo, na una pa kushukia ukitaka kuongeza maji baadaye. Usijaribu kupima ukali kwa haidromita baada ya kutia asali. Chombo hicho kinasoma uzito wa kimiminika, na sukari inaongeza uzito, kwa hiyo kitakuambia alkoholi ni kidogo kuliko iliyopo. Viwandani wanalazimika kuikeneka sampuli maabara kwanza, waitenge na sukari, ndipo wapime. Wewe piga hesabu kwa penseli, inatosha.

Namna ya kuchanganya: toa wiski kama kikombe cha kahawa kwenye chupa upate nafasi. Weka asali kwenye bakuli, mimina wiski hiyo juu yake kidogo kidogo ukikoroga, bila moto. Asali ikiwa imeganda, kalisha chupa yake kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, usiipeleke jikoni. Ikishalegea, rudisha kila kitu kwenye chupa, tikisa, na uiache wiki 1 mahali penye giza, ukitikisa mara moja kwa siku. Kisha iweke kwenye friji siku mbili tatu bila kuigusa, uchafu utue, na umimine polepole kupitia karatasi ya kuchujia kahawa. Anza na mililita 30 tu, onja, ndipo uongeze. Kuongeza ni rahisi, kupunguza haiwezekani. Kwa shira ya mepo utaratibu ni huo huo, ila inayeyuka mara moja na siku 3 zinatosha. Chagua nyeusi, na usitumie ile ya bei rahisi ya kumwagia chapati isiyo na mepo ndani, hiyo ni shira ya mahindi iliyopakwa rangi.

Kuhusu sukari, kwa kuwa mtu atakuuliza kaunta: mililita 60 za shira kwenye chupa nzima ni kama gramu 53 za sukari, yaani gramu 3 hivi kwa kipimo kimoja cha mililita 44. Ni kidogo kuliko soda. Hatari kubwa iko kwingine, kwenye ulaini. Asilimia 35 si mbali na 40, na kinywaji kinachoteleza hakimpi mnywaji breki.

Mwenzako wa kaunta mfanyie hivi. Mchanganyie rai yenye mepo na matone kadhaa ya dawa chungu ya baa (bitters), kipande cha barafu kikubwa, ganda la chungwa, bila sukari nyingine, kisha usimwambie kilichomo. Ile ya asali itumie kwenye dawa, hii kokteli ya Nairobi ya vodka, ndimu na asali: weka wiski mahali pa vodka, punguza asali kwa nusu kwa kuwa nyingine imo tayari, ongeza ndimu. Wateja wa Vermont hawajawahi kuionja, na bosi wako anaweza kuiweka kwenye menyu.

Mwisho, chupa zote mbili hazihitaji friji baada ya kufunguliwa. Zifunge vizuri, zisimame wima, mbali na jua. Futa mdomo wa chupa kila ukimimina, la sivyo sukari itagandisha kizibo na utakuja kukivunja. Ile ya asali imalize ndani ya mwaka, maana harufu ya maua ndiyo inayotangulia kuondoka. Ya mepo inaweza kusubiri.